Skani Isiyosema: Namna ya Kumtayarishia Mwenzako Asiyeona Karatasi Inayosomeka



Kila muhula unapoanza, iwe Nizwa, Ibra au Sur, kitu cha mwanzo kinachotufikia mkononi huwa ni skani. Mhadhiri anaskani sura mbili tatu za kitabu na kuziweka kwenye mtandao wa chuo. Mwenzetu mwenye simu nzuri anapiga picha ubao na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Na lile duka la fotokopi karibu na chuo, ambalo wenyeji kwa Kiarabu huliita maktaba japo haliazimi kitabu hata kimoja, linauza maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeshaanza kupauka. Sisi tunaoona tunakodoa macho, tunakuza picha, tunasukuma siku.

Sasa mfikirie mwanafunzi asiyeona. Usidhani ni mtu wa kusomewa kila kitu. Ana laptopu yake, anaandika insha mwenyewe, anatuma barua pepe, anasoma magazeti ya nyumbani kila asubuhi, kwa sababu kompyuta yake inasema. Anafungua faili la mhadhiri, kurasa 40, na kompyuta inamwambia: ukurasa mtupu. Anateremka ukurasa wa pili: mtupu. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mtihani ni Jumapili, na leo ni Alhamisi.

Makala haya yanaeleza kwa nini kompyuta ilinyamaza, na namna ya kuifanya iseme. Neno lenyewe ni moja: kazi ya kuifanya skani isomeke ni nyepesi kwa anayeskani na ni nzito mno kwa anayepokea. Nusu saa ya mmoja wetu inaweza kumwokolea mwenzake siku mbili nzima. Kwa hiyo hata kama darasani kwenu hamna asiyeona, soma mpaka mwisho. Muhula ujao anaweza kuwapo, na yale mafaili yatakuwa bado yanazunguka.

KOMPYUTA INAYOSEMA

Programu inayoifanya kompyuta iseme huitwa kisoma skrini. Huchukua maandishi yaliyopo kwenye skrini na kuyageuza sauti, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta za breli ambazo mtu huzisoma kwa vidole. Mtumiaji hashughuliki na mausi, kila kitu anakifanya kwa kibodi. Wengi huiharakisha sauti kiasi ambacho mgeni hashiki hata neno moja, na wao wanaelewa kila kitu.

Visoma skrini viko vingi. JAWS ni cha siku nyingi, kilianza kutumika kwenye Windows mwaka 1995, lakini bei yake ni mzigo kwa mwanafunzi wa kujitegemea. NVDA kilianzishwa huko Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, baadaye akaungana na James Teh ambaye naye haoni. NVDA ni cha bure: unakipakua, unakiweka, basi. Kwenye iPhone kuna VoiceOver tangu mwaka 2009, na simu za Android zina TalkBack. Hivi viwili vimo ndani ya simu tayari, havihitaji kununuliwa.

Na vijana wa kwetu wanavitumia. Pale Skuli ya Wasioona ya Thika, nchini Kenya, shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kufundisha kompyuta kwa njia hii. Kijana aliyefundishwa hivyo anaingia chuo kikuu akiwa fundi wa kibodi kuliko wengi wetu. Kinachomkwamisha ni faili alilotumiwa.

KWA NINI SKANI HAISEMI

Skana ni kamera. Unapoweka ukurasa juu ya kioo, inaupiga picha tu. Wewe ukitazama picha hiyo unaona herufi "a", lakini kompyuta inaona madoa meusi kwenye weupe, sawasawa na inavyoona picha ya mbuzi au ya harusi. Kisoma skrini hakina cha kukamata. Ndiyo maana husema mtupu, au husema "picha" kisha kikanyamaza.

Hapa jina la PDF huwachanganya wengi. PDF iliyotokana na faili la Word ina herufi ndani yake, na PDF iliyotoka kwenye skana ina picha ndani yake. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Kuzitofautisha kuna majaribio matatu mepesi:

1. Jaribu kuburuta mausi juu ya mstari mmoja uone kama maneno yanachaguliwa moja moja.

2. Bonyeza Ctrl na F, tafuta neno unaloliona wazi kwenye ukurasa. Likikosekana, hiyo huenda ni picha.

3. Chagua yote, nakili, kisha bandika kwenye Notepad. Kinachoonekana Notepad ndicho atakachokisikia mwenzako, hakuna zaidi.

Jaribio la tatu likumbuke vizuri, tutalirudia.

KUTAMBUA HERUFI

Kuna teknolojia ya kuitazama picha ya maandishi na kuigeuza iwe maandishi ya kweli. Duniani inajulikana kwa herufi tatu, OCR, na hapa tutaiita hivyo hivyo. Si ya jana. Mwaka 1976 Mmarekani Ray Kurzweil alizindua mashine ya kuwasomea wasioona vitabu vilivyochapwa, nayo ilikuwa kubwa mfano wa mashine ya kufulia nguo. Leo kazi ile ile inafanywa na simu ya mfukoni.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kwanza programu inaunyoosha ukurasa kama umekaa upande. Kisha inatenganisha weusi wa wino na weupe wa karatasi. Inatafuta mistari ilipo, na katika kila mstari inakisia herufi moja moja kwa kuangalia umbo lake na majirani zake. Mwisho inalinganisha na maneno ya lugha uliyoiambia. Shika hilo neno "inakisia". OCR haisomi kama mtu, inabahatisha kwa ustadi mkubwa. Ukiipa picha safi, inapatia karibu kila kitu. Ukiipa picha chafu, inabahatisha vibaya wala haikwambii.

Programu za kazi hii ni nyingi. Tesseract ilianzia kwenye kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985, ikatolewa bure kwa watu wote mwaka 2005, na sasa inatambua lugha zaidi ya 100, Kiarabu na Kiswahili zikiwamo. OCRmyPDF nayo ni ya bure na inaitumia Tesseract kwa ndani: unaipa PDF ya picha, inakurudishia PDF yenye maandishi. Za kununua ni kama ABBYY FineReader na Adobe Acrobat, na huenda chuo chako tayari kina leseni, waulize watu wa kompyuta. Google Drive pia hukubali: pandisha picha au PDF, ifungue kwa Google Docs, utakuta maandishi.

Tahadhari moja: hati za siri kama pasipoti, cheti cha ndoa au karatasi za hospitali usizipandishe kwenye huduma ya mtandaoni ya mtu usiyemjua. Hizo zifanyie kazi ndani ya mashine yako.

KAZI INAANZA KWENYE KIOO CHA SKANA

Kabla ya yote, uliza kama faili la asili lipo. Slaidi nyingi tunazozipokea zikiwa zimeskaniwa zilitoka kwenye PowerPoint ya mhadhiri mwenyewe. Ukimwomba kwa adabu akutumie faili lenyewe, kazi yote inayofuata huihitaji tena. Skani iwe njia ya mwisho.

Kama hakuna njia ila kuskani, fuata haya:

- Weka skana kwenye 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Kwa maandishi madogo, au ya Kiarabu yenye irabu juu na chini, panda mpaka 400. Mashine nyingi za maofisini huja zimewekwa 150 au 200, ibadilishe.

- Tumia rangi ya kijivu, usitumie nyeusi na nyeupe tupu. Nyeusi na nyeupe hula nukta ndogo, na baadaye utaona nukta zina thamani gani.

- Kitabu kikandamize vizuri. Yale maneno yanayopinda kuelekea kwenye mshono ndiyo yatakayoharibika.

- Skani ukurasa mmoja mmoja. Kurasa mbili kwenye picha moja huifanya OCR ivuke katikati, ikasoma nusu ya mstari wa kushoto na nusu ya mstari wa kulia. Unapata sentensi ambayo hata mwandishi wake haijui.

- Tafuta nakala safi. Iliyopigwa mistari kwa kalamu, iliyopakwa rangi ya njano, au yenye maelezo ya mkono pembeni itakusumbua. Fotokopi ya fotokopi ni hivyo hivyo.

- Ukitumia simu, simama kwenye mwanga wa kutosha, kivuli cha mkono wako kisianguke juu ya karatasi, na simu iwe sambamba na meza.

- Usitume ukurasa kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu inaibana picha mpaka ukali unapotea. Itume kama faili.

LUGHA TATU, MITEGO MITATU

Hapa ndipo sisi tulioko Oman tunapotofautiana na wenzetu walioko kwingine. Masomo mengi ni kwa Kiingereza, barua za ofisini ni Kiarabu, na ya kwetu wenyewe tunayaandika Kiswahili. OCR lazima iambiwe lugha gani inaisoma. Usipoiambia, itachukua iliyozoea.

Mtego wa kwanza ni Kiswahili kilichosomwa kama Kiingereza. Herufi ni zile zile za Kirumi, kwa hiyo mtu hudhani hapana neno. Lakini programu ikishikilia kamusi ya Kiingereza, "hali" inaweza kugeuka "hall" na "mali" ikawa "mall", kwa sababu i na l zinafanana na kamusi inavuta upande wake. Alama ya king'ong'o nayo hupotea: "ng'oa" ya kung'oa mti ikabaki "ngoa", ambayo ni neno jingine kabisa. Katika Tesseract na OCRmyPDF Kiswahili kinachaguliwa kwa herufi swa, Kiarabu ni ara na Kiingereza ni eng, na unaweza kuziunganisha mbili kwa alama ya kujumlisha kama ukurasa umechanganya.

Mtego wa pili ni nukta za Kiarabu. Be, te na the ni umbo moja, zinatofautishwa na nukta tu. Fotokopi ikizila nukta, au skana ikizifuta kwa kudhani ni vumbi, neno linageuka maana. Baya zaidi ni tarakimu. Katika tarakimu za Kiarabu zinazotumika huku, sifuri ni nukta ndogo, na tano ni kiduara kinachofanana na sifuri ya kizungu. Nukta ikifutwa, riali 50 za ada zinakuwa riali 5. Kiduara kikisomwa vibaya, tano inakuwa sifuri. Kwenye dawa au tarehe ya mtihani, kosa la namna hiyo si mchezo. Tarakimu zote zihakiki kwa jicho lako, moja moja, hasa kwenye majedwali.

Mtego wa tatu ni sauti. Hata maandishi yakiwa sahihi, faili likiandikwa ndani yake kuwa ni la Kiingereza, kisoma skrini kinaweza kulisoma kwa matamshi ya Kiingereza. "Watu wake walikuwa pale" utasikia "wake" ikitamkwa weik na "pale" ikitamkwa peil. Dawa yake iko kwenye Word: chagua maandishi, weka lugha yake kuwa Kiswahili. Na mwenzako kwa upande wake anaweza kuchagua sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya NVDA, ya programu ya eSpeak NG. Ni sauti ya kimashine, haina utamu, lakini inaeleweka. Kwa Kiarabu, Windows ina sauti zake ambazo NVDA inazitumia.

KUHAKIKI NA KUPANGA

Sasa tuje kwenye kosa linalofanywa hata na watu wenye nia njema. Programu nyingi za OCR hutengeneza PDF yenye tabaka mbili: juu ni ile picha ya ukurasa, na chini yake ni maandishi yaliyofichwa. Wewe unayeona unaitazama picha, na picha siku zote ni sahihi. Mwenzako anasikiliza tabaka lililofichwa, ambalo linaweza kuwa limejaa takataka. Mnakaa meza moja, faili moja, na kila mmoja ana kitabu chake. Yeye akilalamika, wewe unashangaa: mbona linasomeka vizuri?

Ndiyo maana ya jaribio la Notepad. Usihakiki kwa kutazama PDF. Nakili maandishi, yabandike Notepad, usome hayo. Bora zaidi, weka NVDA kwenye mashine yako, maana ni bure, kisha sikiliza kurasa mbili tatu kwa masikio yako mwenyewe.

Maneno yakishakuwa sawa, panga ukurasa. Mtu anayeona hurusha jicho akaipata sura ya tatu. Asiyeona anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja, lakini vichwa hivyo viwe vimewekwa kwa mitindo ya Heading 1 na Heading 2 ya Word. Ukikoza wino tu, kisoma skrini kinaona ni maneno kama mengine. Zaidi ya hapo:

- Ukurasa wenye safu mbili, hakikisha safu ya kwanza inakwisha ndipo ya pili ianze.

- Jedwali liwe jedwali la kweli la Word, na safu ya juu ibainishwe kuwa ni vichwa. Kilichopangwa kwa kubonyeza nafasi nyingi kitasomwa kama mvua ya namba.

- Picha na michoro iandikie maelezo. "Grafu" peke yake haitoshi. Sema inaonyesha nini: inapanda, inashuka, kutoka ngapi mpaka ngapi.

- Namba za kurasa za kitabu cha asili zibakishe. Naye anatakiwa kuandika ukurasa anapomnukuu mwandishi, kama wewe.

- Vichwa vinavyojirudia juu ya kila ukurasa viondoe. Kusikia jina la kitabu mara 40 kunachosha.

- Milinganyo ya hesabu OCR ya kawaida huiharibu. Iandike upya kwa kifaa cha milinganyo cha Word.

Mwisho, mpe faili la Word lenyewe. Ukitaka kutoa PDF, tumia njia ya kuhifadhi kama PDF. Ukitumia ile njia ya kuchapa kwenda PDF, vichwa vyote ulivyoviweka hupotea.

YEYE MWENYEWE ANAWEZA NINI

Isije ikaonekana kwamba asiyeona anakaa akingoja msaada. Akiwa na NVDA kwenye Windows 10 au 11, anabonyeza kitufe cha NVDA pamoja na R, na kilichopo mbele kwenye skrini kinatambuliwa papo hapo. JAWS ina kifaa chake cha namna hiyo. Kwenye simu kuna Seeing AI ya Microsoft, ya bure: anaielekeza kamera kwenye barua na simu inamsomea.

Njia hizi ni nzuri kwa tangazo la ukutani au bili ya maji. Kwa sura ya kitabu ni mateso, kwa sababu NVDA inatambua kile tu kinachoonekana kwenye skrini wakati huo. Anasoma kipande, anasogeza, anatambua tena. Hakuna vichwa vya kurukia, majedwali yamevurugika, na hana jicho la kulinganisha na ukurasa wa asili. Yeye ndiye mtu pekee ambaye hawezi kujua OCR ilikosea wapi. Wewe uliyeshika kitabu mkononi unajua kwa kutazama mara moja.

KARATASI ZA WAZEE

Habari hii haiishii darasani. Wengi waliohamia Unguja, Pemba na bara zamani walitoka Sharqiya na Dakhiliya, na Sur ilikuwa bandari ya majahazi ya safari hizo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, jamaa wengi walirudi Oman na Kiswahili chao. Ndiyo maana ukienda Ibra utakuta wazee wanaozungumza Kiswahili kizuri kukushinda, na katika nyumba za watu kama hao huwamo visanduku vya karatasi: barua, hati za nyumba na mashamba, vyeti.

Wazee hawa macho nayo yanawatoka. Zamani Oman ilisumbuliwa na trakoma, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa ni nchi ya kwanza kuutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii. Lakini kisukari na presha ya macho bado vinawapofusha watu, huku kama kwetu. Mzee aliyesoma maisha yake yote anajikuta na sanduku asiloweza kulifungua.

Karatasi zilizopigwa taipu, za Kiingereza au za Kiswahili cha herufi za Kirumi, OCR inaziweza vizuri ikiwa wino haujafifia. Maandishi ya mkono usiitegemee. Na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni kigumu zaidi, kwani waandishi wengi wa zamani walitumia be hiyo hiyo moja kwa b, p na mb, na msomaji alijua neno kwa kuijua lugha. Hapo hakuna mashine, panatakiwa watu wawili. Kijana mwenye macho anataja herufi moja moja kama anavyoziona, mzee asiyeona anaziunganisha kuwa neno, na kijana analiandika kwenye kompyuta. Picha ya waraka wa asili ihifadhiwe pamoja na maandishi hayo, ili wengine waweze kulinganisha.

HAKI, SI HISANI

Kuna wanaodhani haya yote ni ukarimu. Hasha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataka habari na elimu ziwafikie kwa namna wanayoweza kuitumia. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania na Oman mwaka 2009. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umeshughulikia vitabu hasa: unazitaka nchi wanachama ziruhusu kutengenezwa nakala zinazosomeka na wasioona bila kungoja idhini ya mwenye haki ya kunakili, na nakala hizo zivuke mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Wenzetu walioko Uingereza wana Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayovitaka vyuo vijitayarishe kabla mwanafunzi mwenye ulemavu hajafika.

Kwa hiyo ukiwa huoni, au una uoni hafifu, nenda ofisi ya wanafunzi wiki ya mwanzo, omba vitabu katika faili linalosomeka, tena omba kwa maandishi. Hapa Oman, Taasisi ya Omar bin al-Khattab ya wasioona na Jumuiya ya al-Noor zina uzoefu wa miaka mingi, ila kitovu chao ni Muscat. Kutoka Sur ni safari ya saa mbili hivi kwa gari. Mtihani haungoji safari, na ndiyo maana msaada wa karibu unatakiwa.

TUFANYE NINI

Napendekeza mambo manne yasiyohitaji bajeti.

Moja, tugawane. Kitabu cha sura 12 kwa watu 12 ni sura moja kwa kila mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mbili, faili tulipe jina la maana. "Scan0007" haimwambii mtu kitu, na kisoma skrini kitamsomea sifuri sifuri sifuri saba. Andika somo, sura na kurasa.

Tatu, kilichokwisha kusahihishwa kitunzwe mahali pamoja, ili wa mwakani asianze upya.

Nne, tumuulize mhusika. Mmoja anataka Word, mwingine breli, mwingine mwenye uoni hafifu anataka herufi kubwa tu. Usimwamulie. Asiyekuwapo na lake halipo, basi awepo tangu mwanzo.

Na faida si yake peke yake. Faili lenye maandishi ya kweli unaweza kulitafutia neno, kulinakili nukuu, kulisoma kwenye simu ndogo bila kulisukuma huku na huko, na hata kulisikiliza ukiwa njiani kutoka Ibra kwenda Muscat. Mwenye matatizo ya kusoma ingawa anaona, naye linamsaidia.

Ukimaliza kuskani, usibonyeze kutuma kwanza. Washa NVDA, sikiliza ukurasa mmoja. Ukielewa, tuma. Usipoelewa, rudi kwenye skana.

Nawatakieni masomo mema.